Mteja wa Kweli

Ofisini walimwita Hakimu, na haukuwa utani mtupu. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, akisikiliza simu zilizopigwa na watu wengine, kisha kutoa hukumu: huyu ni mteja, huyu si mteja. Asiyeridhika na hukumu alikata rufaa, na rufaa ililetwa kwake yeye yule. Kwa miaka minne utaratibu huo haukumshangaza mtu.

Biashara yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza, ingawa wenye nayo walipenda kuieleza kwa michoro. Kampuni ilitangaza kazi za mafundi na watu wa huduma ndogondogo: wapuliza dawa za kunguni, wavuta maji taka, mafundi bomba, wenye malori ya kuhamisha vyombo. Tangazo lilikuwa la bure. Ila namba iliyoandikwa kwenye tangazo ilikuwa ya kampuni. Simu ilipitia hapo kwanza, ikarekodiwa, ndipo ikamfikia fundi. Kwa kila simu ya mteja wa kweli, fundi alilipa. Kwa simu ya aliyekosea namba, ya mlevi, au ya mtoto anayechezea simu ya mama yake, hakulipa. Na kwa kuwa hajazaliwa fundi wa kukiri kwamba amepata mteja, ilibidi awepo mtu wa kuamua.

Sheria zilibandikwa ukutani juu ya meza yake. Simu izidi sekunde tisini. Mpigaji ataje mambo matatu: kazi anayotaka, mahali, na siku. Likikosekana moja, si mteja. Aliyepanga hizo sekunde tisini bila shaka hakuwahi kumpigia simu mtu mwenye adabu, maana salamu peke yake, za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za huko kazini, zinakula sitini, na kama kuna mgonjwa zinakwisha zote. Mafundi nao si wajinga. Alikuwapo fundi bomba mmoja ambaye simu zake zote zilikatika zikifika sekunde ya themanini na nane, kisha akampigia mteja kwa simu yake ya mfukoni kumwambia mtandao unasumbua. Hakimu alimkamata ndani ya wiki moja, na faini yake ikabandikwa ukutani karibu na sheria.

Alikuwa na sikio, hilo hata waliomwonea wivu walikubali. Kabla ya sekunde ya arobaini alikwisha kujua. Wafanyakazi wapya aliwafundisha wasihangaike na anayelia, wala anayecheka, wala anayeapa kwamba kesho asubuhi lazima. Wasikilize tu kama amefikiria siku. Mtu anayetaja siku, aliwaambia, amekwisha kuondoka moyoni. Mwili ndio unasubiri usafiri.

Kazi ya namna hiyo inachosha masikio. Akirudi nyumbani jioni aliomba jambo moja tu, kimya, na mumewe alimpa. Mume alikuwa fundi wa friji, mtu mpole asiyejua kukataa. Aliacha kwanza kugonga nyundo nyumbani. Akaacha redio. Halafu akaacha kusimulia ya karakana, mwisho akabaki na yale ya lazima, kama chumvi na umeme. Binti yao alipokwenda shule ya bweni, nyumba ikatulia kabisa. Majirani waliokuwa wakirushiana sufuria waliwatolea mfano wale wawili, na Hakimu mwenyewe aliamini kwamba ana ndoa ya amani.

Ukutani kulikuwa na sheria moja zaidi, ya mwisho, kwa herufi ndogo: ukimtambua anayepiga, vua hedifoni, simu hiyo mpe mwenzako aiamue. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa mama mmoja mchangamfu ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Sheria hiyo haikuwa imetumika hata siku moja.

Jumatatu hiyo alikuwa akipitia simu za mwenye malori. Mwenye malori alikuwa na malori mawili, moja zima, na aliyempokelea simu alikuwa dada yake mkubwa. Dada mkubwa huyu alikuwa na sauti nzito ya kukaribisha wageni na hakujua kuongea kwa ufupi. Simu zote zilizofika kwake zilizidi sekunde tisini, hata za waliokosea namba. Kila wiki mdogo wake alileta malalamiko kwamba gharama zinamuua. Kumwambia dada yake apunguze maneno hakuweza, kwa sababu ndiye aliyemlea, kwa hiyo alikuja kuwaambia kampuni.

Mpigaji alianza kwa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Sekunde tatu za mwanzo Hakimu alidhani ni mtu tu mwenye sauti kama ya mumewe. Kisha mtu huyo akasema anataka kuhamisha kitanda kimoja cha futi nne, masanduku mawili ya vifaa, na friji mbovu. Friji hiyo Hakimu aliijua. Ilikuwa imesimama kwenye korido ya nyumba yake mwaka wa tatu sasa, na kila asubuhi aliipita kiubavuubavu ili asichafue gauni. Watu wakiiona husema mganga hajigangi, na mumewe hucheka pamoja nao.

Hapo ndipo alipotakiwa kuvua hedifoni. Alimtazama mwenzake, aliyekuwa akisikiliza simu ya kunguni huku amejishika tumbo kwa kicheko. Akaziacha masikioni.

"Friji mbovu unaihamishia nini, mdogo wangu?" aliuliza dada wa malori.

"Nikaitengeneze."

"Kwani hapo ilipo haitengenezeki?"

"Hapa hatupigi kelele. Mke wangu kazi yake ni ya masikio, anarudi amechoka."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana, dada. Kugombana kunataka maneno."

Dada wa malori aliguna kama mtu aliyewahi kukaa katika nyumba ya namna hiyo. Akamuuliza anakohamia, naye akasema ni chumba kimoja nyuma ya karakana yake, kina mlango unaofunga vizuri. Akaulizwa habari za mtoto, akasema yuko bweni, atamweleza likizo. Akaulizwa siku. Siku, akasema, bado hajapanga, mpaka amwambie mke wake. Basi amwambie, dada akamshauri. Akajibu kwamba anatafuta pa kuanzia.

Kazi, ndiyo. Mahali, ndiyo. Siku, hapana. Hakimu aliandika "si mteja", na kwa sheria za ukutani hukumu ilikuwa safi. Kisha akaenda msalani, akajifungia, akakaa juu ya mfuniko. Alikuwa amepata nafuu, na ile nafuu ilimtia aibu. Alinawa uso, akarudi kumalizia simu za maji taka.

Mumewe hakujua kwamba namba ile inapita kwa mkewe. Sauti inayotangulia kusema kwamba mazungumzo yanarekodiwa hajawahi mtu kuisikiliza. Na kazi ya mkewe alikwisha kuelezwa, mara moja, mwaka wa kwanza. Aliitikia "aha", akaendelea kufunga skrubu. Kwamba mke husikiliza simu, alijua. Simu za nani, hakuuliza, na mke naye hakuona haja ya kuongeza.

Jioni ile Hakimu alikaa mezani akingoja. Mume alisema joto limezidi. Jumanne alisema umeme wa leo haueleweki. Jumatano alifungua mdomo mara mbili bila kutoa neno, na mkewe akaweka kijiko chini taratibu ili ampe nafasi. Mume akaomba chumvi.

Mtu atasema: si angemuuliza yeye? Angemuuliza, ndiyo. Midomo alikuwa nayo. Lakini alijua anachokijua. Mtu ambaye hajataja siku si mteja, na kwa muda wote ambao hajataja siku, kitanda kiko mahali pake na masanduku yako uvunguni. Akimuuliza, itabidi ajibiwe. Miaka minne alikuwa amekaa akingoja watu wataje jambo la tatu. Sasa alikuwa akila chakula cha jioni huku akiomba lisitajwe. Aliogopa. Hakuwa amezoea kuogopa, na mwanzoni alidhani ni malaria.

Kila asubuhi alianza na simu za malori. Mwenzake akamuuliza kama anataka kuhama. Akajibu kwamba anafuata mpangilio mpya, na kwa siku mbili mwenzake naye akafuata mpangilio mpya.

Simu ya pili ilikuja wiki iliyofuata. Ilipigwa Jumanne, na Jumatano asubuhi ilimfikia Hakimu ikiwa na malalamiko yamebandikwa juu yake. Dakika sita na sekunde kumi, aliandika mwenye malori, na mtu mwenyewe hakutaka lori, alitaka mtu wa kuongea naye. Dada yangu si daktari wa ndoa, silipi. Nyuma ya malalamiko hayo akaja msimamizi, aliyeitwa Bwana Asilimia kwa sababu hakuwahi kusema "nusu". Akaegemea mlango, akaeleza kwamba mwenye malori anatishia kuwakimbia. Hamwambii Hakimu la kufanya, hasha. Ila ikionekana kwamba simu hii haina mashiko, hakuna atakayelia.

Kwa hiyo mwenye malori alitaka isiwe simu ya mteja. Msimamizi alitaka isiwe. Hakimu naye, kuliko hao wote wawili wakiwekwa pamoja, alitaka isiwe. Hajapata kuona kesi yenye upande mmoja kiasi kile. Akabonyeza kitufe.

Walisalimiana kama watu waliofahamiana siku nyingi. Dada wa malori aliuliza habari za yule mama, kazi yake ya masikio inaendeleaje. Mume akasema inaendelea. Akasema mkewe si mwanamke mbaya, dada asimfikirie vibaya. Hata zile nguo za karakana zenye mafuta ya mashine, mkewe ndiye anayezifua, bila kununa. Ni kwamba siku hizi yeye, akisikia mke anafungua mlango, anajikuta ameshikilia pumzi ili asije akamsumbua. Siku moja aliishikilia mpaka akaona giza. Akacheka kidogo, peke yake, kwa maana dada wa malori hakucheka. Alisema kwamba friji anaweza kujua ina nini kwa kuisikiliza ikinguruma, ila ikinyamaza kabisa huwezi kujua uanzie wapi.

"Sasa tuandike siku gani?" dada aliuliza.

"Jumamosi. Saa tatu asubuhi."

"Na mkeo ameshajua?"

Zikapita sekunde nne. Hakimu alizihesabu kwa mazoea.

"Ameshajua."

Alisimamisha rekodi. Jumanne, mumewe aliposema neno hilo, lilikuwa uongo. Jumatano, saa nne kasoro dakika tano, katika chumba kisicho na dirisha, lilikuwa limegeuka kweli, na aliyeligeuza ni yeye. Akairudisha simu mwanzo. Aliisikiliza mara nne. Alitafuta pa kuishika: kikohozi, mzaha, sauti ya mtu anayejaribu tu kujua bei. Hakupata. Kama angekuwa mume wa mwenzake wa meza ya pili, angetoa hukumu kwenye sekunde ya arobaini na kwenda kunywa chai.

Malalamiko yalitaka jibu la maandishi. Aliandika hivi:

"Ni kweli kwamba mpigaji alitumia sehemu kubwa ya simu kueleza mambo ya nyumbani kwake. Hata hivyo alitaja kazi, mahali na siku. Kutaka mtu wa kuongea naye hakumwondolei mtu haja ya lori. Mteja wa kweli. Mwenye malori alipe."

Bwana Asilimia alisoma, akasema ameandika vizuri, akaondoka amekunja uso. Hakimu alivua hedifoni. Masikio yalikuwa yanauma, na kwa mara ya kwanza hakutamani kimya.

Alhamisi alimpa mumewe siku nzima ya kusema, na mume alisema bei ya gesi ya friji imepanda. Ijumaa jioni walikuwa wameketi jikoni, chai mbele yao. Huko nje jirani mmoja alikuwa akimfokea mume wake mwenyewe kwa sababu ya ndoo. Hakimu aliona kwamba akimaliza kikombe atasimama, atakiosha, na kesho itafika hivyohivyo.

"Kesho lori linakuja saa ngapi?" alisema.

Mume aliweka kikombe chini kwa uangalifu, asikigonge.

"Saa tatu."

Kisha akauliza amejuaje. Mkewe akamweleza kila kitu, kuanzia namba ya kwenye tangazo mpaka malalamiko ya dakika sita na sekunde kumi. Alimweleza na ile simu ya kwanza, na chumvi, na jinsi alivyokuwa akiweka kijiko chini. Yalikuwa maneno mengi kuliko waliyotumia mwezi mzima. Mume alisikiliza akiangalia mikono yake. Alionekana kuona haya kuliko kukasirika, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni.

"Mtu usiyemjua," Hakimu alisema. "Umemwambia yote mtu usiyemjua, wa malori."

"Aliniuliza," mume alijibu.

Hakusema kwa ubaya. Hakimu akakumbuka miaka yote hiyo jinsi alivyokuwa akimsikiliza mtu huyu akiwa bado anafungua viatu: sekunde tano, kumi, hakuna kazi, hakuna mahali, hakuna siku, haya, baadaye. Alimhukumu kila jioni, mlangoni, kabla hajaweka mfuko chini. Alilia bila sauti, kwa namna ambayo nyumba ile ilikuwa imewazoeza wote wawili. Mume alivuta kiti karibu, akakaa naye mpaka chai ikapoa. Lakini hakusema kwamba atampigia dada wa malori kumwambia asije, na Hakimu, ambaye alijua kusikia ambacho hakikusemwa, alisikia.

Jumamosi lori lilifika saa tatu kasoro. Lilikuwa ndilo lile zima. Vijana wawili walishuka, wakasalimia, wakaulizia vyombo. Kitanda kilitoka. Masanduku yakatoka. Friji ilikwama kwenye kona ya korido, na mmoja wa wapakiaji akaogopa kuigonga ukutani, akashauri kwa kunong'ona waivute polepole. Hakimu akamwambia agonge tu. Wakaivuta kwa kishindo kilichosikika nyumba ya tatu, wakapandisha, wakafunga kamba.

Mume alibaki mlangoni na mfuko wa nguo. Ulikuwa mdogo, mtu angedhani anasafiri siku mbili.

"Ile simu yangu," alisema. "Uliiandika nini?"

"Mteja wa kweli."

"Ungeweza kuandika 'si mteja'?"

"Ningeweza. Lori lingekuja vilevile. Kule tunaamua nani alipe, basi."

Mume akatikisa kichwa polepole. Ndani ya lori waliwasha injini. Alihamisha mfuko mkono huu kwenda mkono ule, akamtazama mkewe usoni, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya siku nyingi.

"Uliisikiliza mara ngapi?"

"Mara nne."

"Dakika sita, mara nne." Alikuwa akipiga hesabu kweli, bila kejeli. "Mke wangu, ningejua, ningekupigia simu tangu zamani."

"Namba yangu ni ileile," Hakimu alisema.

Akaitikia kwa kichwa, akapanda mbele pamoja na wale wapakiaji. Lori lilikata kona. Hakimu aliingia ndani, akapita korido kwa upana wake wote, akaweka simu juu ya meza ya jikoni. Aliipandisha sauti mpaka mwisho, akavuta kiti, akakaa kuisikiliza.